Upeo Ulionyooka: Kioo cha Kulengea na Pimamaji kwa Lenzi Pana Ufuoni Shelly

Ukisimama ufuo wa Shelly, kule Likoni, Mombasa, ukaielekeza kamera mashariki, mbele yako kuna mstari mmoja mrefu usiosamehe: upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Mtaani picha ikiinama kidogo, jicho hupotelea kwenye nyaya, mabati na vibanda, na mtazamaji asitambue. Hapa ufuoni kosa la digrii 1 linatosha kukuumbua. Katika picha iliyochapishwa kwa upana wa sentimita 30, digrii hiyo moja huushusha upeo kwa milimita 5 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na bahari yote huonekana kama inamwagikia pembeni.

Mwongozo huu ni wako wewe unayepiga picha kwa kamera ya renjifainda na lenzi pana. Renjifainda ni kamera ambayo hutazami kupitia lenzi yenyewe. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo juu ya mwili wa kamera, na unalenga umbali kwa kuzileta taswira mbili mpaka zilaliane. Leica za M ndizo zinazojulikana zaidi. Zipo pia Voigtländer Bessa, Zeiss Ikon, na Zorki na FED za Kisovieti ambazo bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukitumia lenzi ya milimita 50 au 35, dirisha hilo linakutosha. Taabu huanza unapotaka kuchukua ufuo mzima.

Ndani ya dirisha mmechorwa mistari ya fremu inayoonyesha lenzi itachukua wapi mpaka wapi. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na mistari ya milimita 50, 90 na 135 tu. Mistari ya 35 ilikuja na M2 mwaka 1957, na ya 28 ikasubiri mpaka M4-P ya mwaka 1980. Chini ya 28 Leica za filamu hazikuendelea. Bessa R4 za mwaka 2006 ndizo zilizothubutu kufika 21. Kinachozuia ni pembe: lenzi ya 28 huona digrii 65 kwa upana, ya 21 huona 81, na ya 15 huona 100. Dirisha dogo haliwezi kubeba upana huo, na pipa la lenzi nalo huziba kona ya chini. Ndiyo maana mwenye lenzi pana huhitaji kioo cha nje cha kulengea, kinachochomekwa juu ya kamera pale pa flashi.

Likoni ina historia yake ya ukingo wa picha. Miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda kando ya kivuko, wakawasimamisha wateja wao mbele ya mapazia yaliyochorwa. Mtafiti Heike Behrend aliandika makala kuwahusu katika jarida la African Arts mwaka 2000. Kibandani kazi ya ukingo imeshafanywa: pazia likiisha, picha imeisha. Ukitoka kibandani ukafika ufuoni, hakuna pazia. Mbele yako ni mwamba, povu, ngalawa, watoto, minazi, na meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandari ya Kilindini. Kioo cha kulengea ndicho kitakachokuambia picha inaishia wapi, na pimamaji ndiyo itakayokuambia kama kamera imekaa sawa. Vifaa hivi viwili vinafanya kazi moja. Usitumie fedha nyingi kwa kimoja ukakisahau kingine.

Kioo kipi kinafaa

Kilicho bora ni kioo cha lenzi moja: cha 21 kwa lenzi ya 21, cha 28 kwa ya 28. Huwa na mwanga, ni chepesi, na mistari yake ni seti moja tu, kwa hiyo huwezi kukosea. Lenzi ya 20, kama ile Russar MR-2 ya Kisovieti iliyobuniwa na Mikhail Rusinov, inaweza kutumia kioo cha 21 bila shida. Kumbuka tu kwamba utapata kidogo zaidi ya unachokiona.

Vipo vioo vya kugeuza vinavyobeba lenzi kadhaa. Kile cha Kisovieti chenye gurudumu la vilenzi vitano kinaanzia 28, hivyo hakimsaidii mwenye 21. Leica walitengeneza kimoja kikubwa cha lenzi za 16, 18, 21, 24 na 28 chenye pimamaji ndani yake na gurudumu la kurekebisha umbali. Ni kifaa kizuri sana na ni ghali sana. Kama unapiga kwa lenzi moja tu, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Ukinunua kilichotumika, kitazame dhidi ya ukuta mweupe. Mistari ya fremu iwe imekamilika pande zote nne. Katika vioo vya zamani huwa imefifia au imekatika. Angalia kama kuna kuvu ndani, kwa sababu kifaa kilichokaa Pwani miaka mingi huwa nayo mara nyingi. Kisha kichomeke na ukitikise. Kama kinacheza, kata kipande chembamba cha utepe wa plastiki ukibandike chini ya mguu wake mpaka kikaze. Halafu, na hili usiliache, kifunge kwa mshipi wa kuvulia kwenye pete ya mkanda wa kamera. Vioo hivi huchomoka katika tuktuk na ndani ya umati wa feri, na huanguka bila sauti.

Huna fedha za kioo? Chukua kadibodi ngumu, ukate dirisha la milimita 108 kwa 72. Hiyo ni fremu ya filamu ya 35, yaani milimita 36 kwa 24, iliyokuzwa mara 3. Sasa ishike kadibodi mbele ya jicho kwa umbali ambao nao ni urefu wa lenzi mara 3: milimita 63 kwa lenzi ya 21, milimita 84 kwa ya 28. Funga uzi wa urefu huo kwenye kadibodi na ushikize ncha yake mfupani, kando ya jicho. Unachokiona ndani ya dirisha ndicho lenzi itakachokiona. Usahihi wake ni wa kuridhisha kabisa, na utakufundisha upana wa lenzi yako haraka kuliko kioo cha dukani, kwa kuwa utaweza kutembea nayo ukichungulia kabla hata ya kutoa kamera.

Kipime mchangani kabla ya kukiamini

Mistari ya kioo cha nje mara nyingi huonyesha pungufu ya kile kitakachoingia. Ukiamini mistari, picha inarudi na chupa ya plastiki pembeni, au mguu wa mtu, au ncha ya kidole chako. Dawa yake ni kupima, na Shelly pana nafasi ya kutosha.

Maji yakiwa yamekupwa, chomeka kijiti mchangani. Weka kamera kwenye stendi mita 3 kutoka kwenye kijiti hicho. Kwa lenzi ya 21, upana unaochukuliwa katika umbali huo ni mita 5.14, chomeka basi vijiti viwili zaidi, kila kimoja mita 2.57 kutoka cha katikati, kulia na kushoto. Kwa lenzi ya 28 upana ni mita 3.86, na kwa ya 15 ni mita 7.2. Mstari wa vijiti lazima uwe mraba na uelekeo wa kamera. Tumia kamba ya 3, 4, 5 kama mafundi waashi wanavyopima pembe ya msingi. Sasa chungulia kwenye kioo. Vijiti vya pembeni vikikaa juu ya mistari, kioo chako ni cha kweli. Vikikaa nje ya mistari, jua ni kwa kiasi gani, na uandike kwenye karatasi utakayoiweka mkobani. Ukiwa na kamera ya dijitali, piga na ulinganishe hapo hapo; mwenye filamu atatoa sadaka fremu chache, na ni sadaka inayolipa.

Jambo jingine ambalo kioo hudanganya ni unyoofu. Vioo vingi hupinda mistari iliyo karibu na ukingo. Ukiuweka upeo wa bahari juu ya fremu, utauona umejikunja kama upinde. Usihangaike kuunyoosha, mpindo ni wa kioo, na kwa lenzi nzuri hautatokea kwenye picha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo usitumie upeo unaouona ndani ya kioo kama kipimo cha usawa wa kamera.

Na karibu je? Kioo kiko juu ya lenzi kwa sentimita 6 au 7, kwa hiyo kinaona kutoka mahali pengine. Kwa meli iliyo nje ya mwamba tofauti hiyo haina maana. Kwa omo la ngalawa lililo mita 1 mbele yako, lenzi ya 21 huchukua kimo cha mita 1.14 tu, na sentimita 7 ni asilimia 6 ya kimo hicho: inatosha kukata ncha ya juu ukapata mchanga usioutaka chini. Panga picha kupitia kioo, kisha inua kamera nzima kwenda juu kwa upana wa vidole vinne bila kuiinamisha, ndipo ubonyeze. Lenzi itakuwa imefika pale kioo kilipokuwa.

Pimamaji

Fundi mwashi haanzi kozi bila pimamaji, nawe usianze. Pimamaji ndogo za kamera ni za bei nafuu, huchomekwa palepale pa flashi, na zipo za uelekeo mmoja, mbili na tatu. Ya uelekeo mmoja huonyesha kama kamera imelala kulia au kushoto. Ya mbili huongeza kama imeinama mbele au nyuma. Ya tatu hukusaidia ukiigeuza kamera wima. Nunua ya mbili au tatu.

Kuna kikwazo kimoja: kichomekeo ni kimoja na vifaa ni viwili. Voigtländer walitengeneza kipande cha kuongeza chenye vichomekeo viwili, na vipo vya kuiga. Ukikosa, tumia kioo kwanza, kitoe, weka pimamaji, sawazisha, piga. Kwenye stendi njia hii haina taabu yoyote. Kamera kama Leica M Typ 240 zina pimamaji ya kielektroniki kwenye skrini, na ukiwa nayo itumie.

Usiamini pimamaji yoyote kabla hujaipeleka mbele ya bahari. Hapa ndipo Shelly inapokuwa karakana bora kuliko chumba chochote, kwa sababu upeo wa macho uko sawa kuliko meza au ukuta wowote ulio nao nyumbani. Weka kamera kwenye stendi ikitazama bahari iliyo wazi, si upande wa kisiwa cha Mombasa. Sawazisha mpaka kipovu kikae katikati, uweke upeo katikati ya fremu ambako lenzi haipindi, upige. Kwenye kompyuta, pima urefu kutoka chini ya picha hadi kwenye upeo, ukingo wa kushoto na wa kulia. Kwa picha yenye upana wa pikseli 6000, tofauti ya pikseli 105 ni digrii 1. Ukipata tofauti ya pikseli 20, endelea na kazi zako. Ukipata 80, pimamaji au kichomekeo kimekaa upande. Bandika utepe mwembamba chini ya upande mmoja wa mguu wa pimamaji, upime tena mpaka iwe sawa. Tia alama ili usiichomeke kinyume siku nyingine.

Kwa nini usiliachie jicho kazi hii, na upeo uko mbele yako? Kwa sababu ufuoni jicho lina mashahidi wa uongo. Povu la mawimbi yanayovunjikia mwambani hukatiza mshazari, na jicho hulichukulia kuwa liko sawa. Mstari wa mwani ulioachwa na maji nao unashuka. Mchanga unaosimamia una mteremko, hivyo bega moja liko chini ya jingine na hujui. Kipovu hakijali lolote kati ya hayo.

Swali linalosumbua zaidi ni kuitazama pimamaji huku jicho liko kwenye kioo. Haiwezekani, na si lazima. Chungulia kwanza, uone kingo zote nne. Kisha ishushe kamera mpaka kifuani, viwiko vimebana mbavu, utazame kipovu kwa juu, ubonyeze shata. Mkono ukizoea, utakuta kifuani ndipo mahali pazuri zaidi pa lenzi pana, kwani miguu ya watu haifupishwi, nao mchanga hauli nusu ya picha.

Fokasi haitakukwamisha. Lenzi ya 21 ikifungwa f/8 na kuwekwa mita 1.8, kila kitu kutoka mita 0.9 hadi mwisho wa upeo kitakuwa na ukali unaokubalika. Kwa filamu ya ISO 100 na jua kali la hapa, f/8 inaenda na shata ya 1/500. Weka hivyo mara moja, kisha usahau.

Kamera ikiwa sawa mbele na nyuma, upeo utakaa katikati kabisa ya picha. Huo ni ukweli wa jiometri, na picha nyingi hazipendezi hivyo. Unaweza kuiinua kamera kidogo na kukubali minazi na mivinje ilalie ndani; minazi hulala yenyewe, kwa hiyo inavumilika kuliko kuta za nyumba. Mimi napendelea njia nyingine: igeuze kamera wima, iweke sawa, upige, kisha ukate chini usichokihitaji. Upeo unashuka, mbingu ya kaskazi inapata nafasi yake, na mashina yanabaki wima. Ila usawa wa kulia na kushoto hauna mjadala. Huo uwe sawa kila mara.

Watu, jua na chumvi

Pembeni mwa lenzi pana vitu hurefuka. Kwa lenzi ya 21, kichwa cha mtoto kilicho ukingoni kabisa kitarefushwa kwa karibu theluthi moja, na kioo hakitakuonyesha ubaya huo jinsi utakavyotokea. Nyuso ziweke karibu na katikati. Na kumbuka aliye pembeni hajui kwamba yumo. Familia huja Shelly kupumzika na kuoga, hasa siku za Idd na wikendi. Omba ruhusa kwa wote wanaoingia kwenye mistari, si kwa yule tu unayemwelekea. Kivukoni, na kokote karibu na kituo cha wanamaji cha Mtongwe, kamera ikae mkobani.

Ufuo huu unatazama mawio. Kamera nyingi za renjifainda za filamu, zikiwemo Leica, Zorki na FED, zina shata ya kitambaa na hazina kioo cha ndani cha kuikinga. Lenzi ikiachwa wazi kuelekea jua inaweza kutoboa kitambaa hicho. Kifuniko kirudi kila unapomaliza kupiga, na kitoke kabla ya kupiga, maana kioo cha nje kitakuonyesha bahari nzuri hata lenzi ikiwa imefunikwa.

Pimamaji usiiache juani. Kimiminika hutanuka kwa joto na kipovu husinyaa, ingawa bado kitasoma sawa ukilinganisha nafasi iliyobaki kila upande. Jioni futa vifaa vyote kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kwa kikavu, uvihifadhi na pakiti za silika. Ukitumia stendi mchangani, weka vifuu vya nazi chini ya miguu yake, ama sivyo kila wimbi litakuharibia usawa ulioutafuta.

Kuhusu saa, tafuta jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hukupwa kabisa takriban saa 4 au 5 asubuhi, wakati jua limeshakuwa kali lakini mwamba wote uko nje: muda huo ufanye wa vijiti na vipimo. Siku za maji mafu, kupwa huangukia karibu na alfajiri, na jua hutoka kati ya takriban saa 12 kamili na saa 12 na nusu kulingana na mwezi: muda huo ufanye wa picha.

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua pimamaji na ukate kadibodi. Kioo kizuri kinaweza kusubiri mpaka ujue kwa hakika ni lenzi gani unayoitoa mkobani kila mara, na hicho ndicho kioo cha kununua.